Banda la Mwanjelwa lililotufungulia Tokyo usiku wa manane

Kuanzia Uyole mpaka Iyunga hukosi banda la kuonyesha mpira. Kila mtaa una bati lenye dishi juu na ubao wa chaki mlangoni, umeandikwa nani anacheza na nani na kiingilio kiasi gani. Banda litakaloonyesha mbio za mita 5,000 mpaka mzunguko wa mwisho, tena kwa sauti, hilo ndilo kazi kulipata. Na litakalokufungulia geti usiku wa manane ili uone marathon inayokimbiwa Tokyo, hilo nalijua moja tu Mbeya nzima. Nimelisifu kwa mdomo mpaka wateja wangu wakaniambia niandike, basi naandika.

Lipo Mwanjelwa, nyuma ya maduka ya vitambaa, kwenye kichochoro kinachotokea upande wa Kabwe. Halina jina ukutani. Uliza "kwa mama wa madishi mawili", hata mtoto anayeuza mifuko sokoni atakupeleka. Utaona mabati ya bluu, geti dogo, na ubao. Nianze kuusifu huo ubao: saa zimeandikwa za kwetu. Mabanda mengine wananakili saa za kizungu kutoka kwenye simu bila kuzigeuza, mtu unafika mchezo umekwisha. Mama huyu wiki ile ya Septemba 2025 aliandika hivi: "Riadha Tokyo, marathon wanaume, Jumapili kuamkia Jumatatu, geti saa sita na nusu usiku, leta kanga." Hiyo ya kanga alimaanisha kweli, maana baridi ya Mbeya ikishuka kutoka Loleza haina huruma hata Septemba.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapo hapo Mwanjelwa. Zamani nilikimbia mita 3,000 UMISSETA nikiwa sekondari Rungwe, na mapenzi hayo hayajaisha. Kwa hiyo nikikagua banda naangalia vitu ambavyo shabiki wa mpira huenda havimsumbui. Wanaacha mbio ziishe mizunguko yote kumi na mbili na nusu, au mtu anashika rimoti katikati? Sauti inawashwa? Mwanamke anaweza kukaa pale saa nane usiku akarudi kwake salama?

Lakini kwanza niseme kwa nini ilibidi nitoke nyumbani usiku ule. Mashindano yale ya Dunia ya Riadha ya 2025 yangeweza kuwa Nairobi. Nairobi iliyaomba. Waombaji walikuwa wanne: Nairobi, Tokyo, Singapore, na Silesia ya Poland. Tarehe 14 Julai 2022 Baraza la World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, lilikaa Eugene, kule Marekani, likaichagua Tokyo. Vigezo vilivyotangazwa vilikuwa vinne: mji uwe na hadithi yenye nguvu ya kuusimulia ulimwengu, ulete mapato kwa wenyeji na kwa shirikisho, uinue hadhi ya riadha duniani, na uwe na hali ya hewa inayofaa.

Habari ile iliniuma, na bado inaniuma. Nichukue vigezo vyao wenyewe. Hadithi gani ina nguvu kuliko kuipeleka riadha nyumbani kwa Kipchoge Keino? Hali ya hewa, Nairobi mwezi wa tisa ni ubaridi wa asubuhi na jua la wastani. Uwanja wa Kasarani upo tangu Michezo ya Afrika ya 1987, na shirikisho hilo hilo lilishawaleta pale vijana wa chini ya miaka 18 mwaka 2017 na wa chini ya miaka 20 mwaka 2021. Septemba ya 2021, kwenye njia hizo hizo za Kasarani, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 akaandika rekodi ya Afrika. Panabaki mapato. Hapo ndipo naamini Nairobi ilikwama, na hapo ndipo kila mji wa Afrika utakwama ikiwa mizani itaendelea kuwa hiyo.

Tokyo siilaumu. Walijenga uwanja kwa ajili ya Olimpiki, halafu 2021 wakalazimika kuandaa michezo ile viti vikiwa vitupu kwa sababu ya korona. Walikuwa na haki ya kutaka watu wao waone. Na walijaa kweli, zaidi ya watu 600,000 kwa siku tisa. Ila Japani imeyaandaa mashindano haya mara tatu: Tokyo 1991, Osaka 2007, na Tokyo tena 2025. Afrika, tangu yaanze Helsinki mwaka 1983, haijayaandaa hata mara moja. Bara linalojaza jukwaa la medali za mbio ndefu halijawahi kukaa kwenye viti vya wenyeji.

Kwa mtu wa Mbeya tofauti ya Nairobi na Tokyo si ya maneno. Nairobi unapanda basi alfajiri, Iringa, Dodoma, Babati, Arusha, unavuka Namanga. Ni safari ya kuchosha, lakini ni safari ya nauli anayoweza kuiweka fundi cherehani akijibana miezi michache, na viza hakuna. Saa za Nairobi ni zetu hizi hizi. Hata hewa ni ileile, maana miji yote miwili iko juu ya mita 1,600. Tokyo ni viza, ni ndege, ni pesa ya kujengea nyumba. Na ukiamua kutazama kwenye luninga, wao wametutangulia saa sita, kwa hiyo asubuhi yao ni usiku wetu wa manane. Ndiyo maana banda linalofungua usiku lina thamani kubwa kwetu, na ndiyo maana nalipima kwa makini.

Kiingilio cha kawaida pale ni jero, mechi kubwa buku. Usiku wa marathon ilikuwa shilingi 1,500 na kikombe cha kwanza cha chai kimo humo. Unaweza kulipa kwa lipa namba iliyobandikwa getini. Kijana wa geti anakupa kipande cha karatasi chenye mhuri, ukitoka kwenda chooni unarudi nacho bila ubishi. Ukishaingia, geti linafungwa kwa ndani na yeye anabaki nalo.

Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume kwa bodaboda tunayemfahamu. Nilidhani tutakuwa peke yetu. Tulikuta watu wapatao ishirini na tano: madereva wa malori waliolala mjini wakingoja kuendelea Tunduma, wanafunzi wa chuo, askari wawili waliovaa kiraia, wazee wa soko, na wanawake sita pamoja na mimi. Mama alitutengea sisi wanawake benchi la mbele karibu na jiko, hakusema kitu, aliweka tu mkeka juu ya benchi na kutuonyesha kwa mkono. "Karibuni wanangu, hapa kuna moto." Mpaka tunatoka hakuna aliyetugusa wala kutupigia kelele. Najua mabanda ambayo nisingethubutu kukaa hata saa mbili usiku, kwa hiyo jambo hili naliweka juu ya yote.

Luninga kubwa ni ya ukutani, picha safi, hata namba za wakimbiaji zinasomeka kutoka benchi la nyuma. Spika ni mbili na mama aliziwasha zote. Halafu kuna huduma ambayo sijaiona kwingine: yupo kijana mmoja wa chuo ambaye mama anampa chai na chapati bure ili awatafsirie wazee anachosema mtangazaji. Anasimama kando ya luninga, anaeleza kwa Kiswahili kundi la mbele lina nani, wametoka nchi gani, wamepita kilomita ngapi, wako nyuma ya muda au mbele. Anaijua riadha. Mbio zilipoanza kisha zikasimamishwa na kurudishwa mwanzo kwa sababu mtu alichomoka kabla ya mlio, jambo ambalo kwenye marathon halionekani, banda zima liliguna, na yeye ndiye aliyetueleza kilichotokea kabla hata marudio hayajaonyeshwa.

Chai ni ya maziwa yenye tangawizi, majani ya Rungwe, imechemka ipasavyo. Maandazi yalikuwa ya jioni, yamepoa na kukakamaa kidogo. Ila supu ya kongoro! Mama anaiweka jikoni tangu magharibi, na kufika saa nane usiku imekuwa nzito, imeiva mpaka mfupa unaachia wenyewe, pilipili na ndimu pembeni. Bakuli shilingi 2,000, na ndizi mbili za kuchemsha kutoka Tukuyu. Kama kuna kitu kimoja tu utakula pale, kula hiyo. Kahawa nayo ipo, ya Mbozi, anaipika mzee mmoja kwenye mdila wake pembeni ya geti, unamlipa yeye mwenyewe.

Sasa kasoro. Mbio zikiwa zimevuka nusu, kundi la mbele linaanza kupukutika, umeme ulikatika. Jenereta ipo, na kijana aliiwasha haraka, lakini king'amuzi kilichukua muda kurudi, kikatafuta mawimbi, kikaonyesha maandishi ya bluu, huku sisi tumekaa gizani tunaangalia simu za watu wenye bando. Marathon si mpira, huwezi kusema "hakijafungwa kitu, tumekosa dakika chache tu". Dakika zile ndipo mtu anaachwa au anajiunga na kundi. Kifaa cha kushikilia umeme kwa muda mfupi, kile wanachofungia kompyuta kwenye steshonari zote hapa Mwanjelwa, kingemaliza tatizo hilo. Nilimwambia mama palepale, akasema amesikia.

Picha ilirudi, na Simbu alikuwamo. Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, askari wa JWTZ, alikuwamo kwenye kundi la mbele ametulia kama mtu anayekwenda shambani. Wazee walianza kumhesabia mafanikio yake: wa tano Olimpiki ya Rio 2016, shaba ya dunia London 2017, wa pili Boston Aprili hiyohiyo ya 2025. Wakaingia uwanjani watatu karibu karibu, yeye, Amanal Petros wa Ujerumani, na Iliass Aouani wa Italia. Petros yuko mbele. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya benchi, mdogo wangu amenishika pindo la kanga. Simbu akaanza kukimbia mita zile za mwisho kama mbio fupi, akamkuta, wakajirusha kifua pamoja kwenye mstari.

Hakuna aliyejua nani ameshinda. Kijana wa kutafsiri mwenyewe alinyamaza. Kisha jina likatoka: Simbu, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Petros muda huohuo. Picha ya mstari ilionyesha wameachana kwa sehemu 3 za mia moja ya sekunde. Baada ya kilomita 42 na ushei! Fainali ya mita 100 ya wanaume siku iliyotangulia, Oblique Seville wa Jamaika alimwacha mwenzake kwa sehemu 5 za mia moja. Marathon ilikuwa na pengo dogo kuliko mita 100.

Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha. Filbert Bayi alituvunjia rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974, yeye na Suleiman Nyambui wakatuletea fedha za Olimpiki Moscow 1980, Christopher Isegwe akapata fedha ya marathon Helsinki 2005. Bingwa wa dunia hatukuwa naye. Madereva wa malori walikuwa wanalia, nami nililia. Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaja mbele kutushika mikono mmoja mmoja, "ndaga fijo, ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, kana kwamba ni sisi tuliokimbia. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado.

Na hapo hapo, katikati ya furaha, niliiwaza Kasarani. Najua mbio za Nairobi zingekuwa mbio nyingine na mshindi angeweza kuwa mwingine, kwenye mwinuko ule mapafu hayasemi uongo. Ninachosema ni kuwepo. Mtanzania anakuwa bingwa wa dunia, na Watanzania waliomwona kwa macho yao uwanjani ni wa kuhesabika. Kama ingekuwa Nairobi, mabasi yangetoka Arusha, Moshi, Singida kwenyewe, na hata hapa stendi ya Nane Nane. Wakenya nao wana lao la kuumia. Wiki ile wanawake wao walizoa dhahabu za mbio zote za uwanjani kuanzia mita 800 kwenda juu, na marathon juu yake: Lilian Odira, Faith Kipyegon, Faith Cherotich kwenye kuruka viunzi na maji, Beatrice Chebet mita 5,000 na mita 10,000, Peres Jepchirchir marathon. Hebu fikiria mzunguko wa mwisho wa Kipyegon na Kasarani yote imesimama.

Watu hawakutoka. Chai iliongezwa, na mazungumzo yakawa marefu. Mzee mmoja muuza vitunguu, ambaye kila mtu pale anamwamkia shikamoo kabla ya kukaa, alituambia habari hii ya kuomba na kunyimwa ni ya zamani. Alikumbuka Cape Town ilivyoomba Olimpiki ya 2004. Mandela mwenyewe alikwenda Lausanne Septemba 1997, na bado Cape Town ilitolewa ikiwa imebaki miji mitatu. Athens ikaishinda Roma kura 66 kwa 41. Akakumbuka na Kombe la Dunia la 2006, Ujerumani kura 12, Afrika Kusini 11, mjumbe wa New Zealand akiwa amejizuia kupiga kura.

"Babu, sasa si walipewa 2010?" mdogo wangu akamuuliza.

"Walipewa kwa kuwa walirudi, mjukuu wangu. Na Moroko je? Wamenyimwa mara tano, sasa 2030 wanaandaa na Hispania na Ureno. Nairobi nao warudi."

Nakubaliana naye kwa moyo wote. Tena niongeze jambo ambalo Wakenya wenyewe nadhani wanalijua: kabla ya kurudi, mageti ya Kasarani yawekwe sawa. Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, shirikisho la soka la Afrika, CAF, ililazimika kupunguza idadi ya mashabiki uwanjani pale kwa sababu watu wasio na tiketi walikuwa wanaingia kwa nguvu. Fainali ilichezwa hapo tarehe 30, Moroko ikaifunga Madagaska 3 kwa 2, na uwanja ulipendeza. Wiki mbili baadaye dunia ya riadha ilikuwa Tokyo. Mimi kila nikiona picha za fainali ile natazama njia za kukimbilia zinazouzunguka ule uwanja wa mpira, zimelala tu.

Nimetaja CHAN, basi niseme na upande wa pili wa banda hili, maana atakayekwenda siku ya mpira atakuta mahali tofauti kabisa. Usiku wa robo fainali, Taifa Stars na Moroko, watu walijazwa mpaka kwenye njia ya jiko. Joto, moshi wa mkaa, huwezi kunyanyua mkono. Stars ilifungwa moja bila na watu wakatoka kwa kusukumana kupitia geti lile dogo. Geti moja kwa umati ule ni hatari, na mama anahitaji kufungua mlango wa pili upande wa ukuta wa nyuma kabla jambo baya halijatokea. Hili sitalizungusha. Pesa za kiingilio cha siku moja kama ile zinatosha kumlipa fundi wa kuchomelea.

Na Jumapili ile ya Septemba 14 mchana ilinikera. Vipindi vya jioni vya Tokyo kwetu vilikuwa vinaangukia mchana na alasiri. Fainali za mita 100 zilikuja saa kumi na ushei, na saa kumi ileile Liverpool walianza kucheza na Burnley. Luninga kubwa ikapewa Liverpool. Sisi wa riadha tulipelekwa kwenye luninga ndogo ya kona, isiyo na sauti, iko juu sana mpaka shingo inauma, na mlango wa jikoni ukifunguliwa mwanga unaifuta picha. Mita 100 nikaiangalia hivyo. Najua Liverpool ndiyo inayomlipia mama umeme, siwezi kumwambia aifunge. Lakini mbio zile ni sekunde kumi hivi. Angeweza kubadili kwa dakika mbili, akarudisha, na nina hakika hata wale wa Liverpool wangeangalia. Nilipomweleza baadaye alisema aliogopa kelele. Namwelewa, ila kama ubao umesema "riadha" na umenitoza jero, riadha nayo inastahili sauti.

Choo kipo nyuma, kimoja, kina maji ya ndoo na taa. Kisafi usiku ule, siku za mpira sikisemei. Mabenchi ni ya mbao bila egemeo, kwa marathon ya saa mbili mgongo utakwambia. Njoo na mto mdogo, hawakatazi. Ukitaka kurudi nyumbani usiku, kijana wa geti anakuitia bodaboda anayemjua na anaandika namba ya pikipiki kwenye daftari mbele yako. Huduma hii haitozwi.

Nikitoa nyota: kwa riadha ya usiku, nne na nusu, na nusu iliyobaki imepotelea gizani pamoja na king'amuzi. Kwa mpira wa siku kubwa, mbili, mpaka geti la pili lifunguliwe.

Mashindano yajayo ni Beijing, Septemba 2027. China imetutangulia saa tano, kwa hiyo asubuhi zao zitakuwa usiku wetu tena. Simbu akijaaliwa atakuwa akitetea ubingwa wake, na mama ameniambia atafungua kila usiku wa mashindano yale akipata uhakika wa watu thelathini, maana chini ya hapo mafuta ya jenereta yanamla. Amenunua daftari la waliopenda riadha, liko kwa kijana wa geti. Wa Mwanjelwa, Mafiati, Ilomba na Sae, piteni mkaandike majina, na mkimkuta mama mwenyewe mkumbusheni kile kifaa cha umeme.